Vipande vya Taulo

Kilianza chini ya pua, upande wa kushoto,
kipele kimoja, kidogo kama punje ya ulezi.
Nikasema: joto. Makorora, mwezi wa pili,
nani hana kipele?

Kesho yake kikapasuka, kikatoa maji,
maji yakaganda yakawa kigaga
cha rangi ya utomvu wa mkorosho
pale shina lilipochomwa na panga.
Kibwana akawa anakichokonoa huku anasoma,
alifu, be, te,
kidole puani, kidole kwenye juzuu,
kidole shavuni mwa mdogo wake.

"Amelambwa na mende," akasema Mama Shekiango
bila kuinua macho kwenye mchele.
"Alilala na mdomo mchafu huyo."
Jirani wa pili akasema buibui, kamkojolea,
paka majivu.
Nikapaka. Nikapaka na dawa ya meno,
maana wifi alipiga simu kutoka Muheza.
Siku ya nne vikawa vitatu.
Siku ya sita Mwanamkasi naye anacho, nyuma ya sikio.

Madrasa wakamrudisha: akae kwanza nyumbani.
Njiani kuna mtoto alimwita Ukoma.
Na mtu mzima, mwenye akili zake,
akanianzishia ile methali ya samaki mmoja.
Nikamkatiza: mwanangu si samaki.
Nikampakia nyuma ya baiskeli, tukaenda Ngamiani.

Nesi Singano alivaa glovu, lakini alimgusa,
taratibu, kama anayekagua papai
asitake kulibonyeza.
"Mende ana dhambi zake," akasema, "hii si yake.
Ni bakteria. Hukaa juu ya ngozi, hata yako, hata yangu,
akingoja mlango.
Mbu kauma, mtoto kajikuna: mlango huo."
Kisha akauliza nisilolitarajia.
"Watoto wangapi nyumbani?"
Wanne.
"Na mataulo?"

Mimi fundi cherehani.
Nimeshonea watu mapazia, mashuka, majoho ya mahafali.
Nikatazama sakafu.

Taulo moja. Kubwa, la zambarau, la harusi yangu.
Humfuta wa kwanza, humfuta wa mwisho,
na kanga yangu ya nyumbani ndiyo leso ya pua zote.
Nilidhani huo ndio upendo,
nguo moja, watoto wote.
Kumbe nilikuwa nauguza kwa zamu, kila jioni,
kwa mkono huu, kwa haki,
bila kumpunja hata mmoja.

Akanipa dawa ya kupaka na dawa ya kunywa.
Kigaga kilowekwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni,
kisibanduliwe kikavu. Kucha zikatwe.
Dawa imalizwe hata uso ukitakata kabla ya siku zake.
Na akiamka macho yamevimba,
au mkojo una rangi ya chai ya mkandaa,
"usinipigie simu, njoo."

Usiku nikatoa mkasi.
Sikulia mimi, lilia taulo, krrr,
nyuzi za miaka kumi na mmoja.
Vipande vinne. Nikavikunja pindo, nikavitia alama:
uzi mwekundu wa Kibwana,
wa kijani wa Mwanamkasi,
wa njano wa Saumu,
na Jumbe, asiyejua rangi bado,
nikamshonea kifungo, apapase.
Asubuhi vikaning'inia juani, shibiri moja kati yao,
kama ndugu walionuniana.

Siku ya tano kigaga kilianguka chenyewe bafuni.
Chini yake ngozi mpya, nyororo,
kama upande wa ndani wa mdomo.
"Mende kahama," akasema Mama Shekiango.
Nikamkatia nusu mche wa sabuni.
Mjukuu wake nilimwona anajikuna kidevu.

Kibwana ndiye aliyeihesabu kamba.
"Nyekundu. Kijani. Njano. Kifungo."
Akageuka.
"Lako liko wapi, mama?"

Nilikuwa najifuta uso
kwa pindo la kanga ileile.